Kumbukumbu za Kwale Zihifadhiwe Kabla Ardhi Haijageuzwa

Anayepinda Kombani kutoka barabara ya Likoni–Lunga Lunga kuelekea mjini Kwale anaingia katika ardhi ambayo jina lake limeenea katika akiolojia ya Afrika Mashariki. Mwaka 1967 Robert Soper alichapisha matokeo ya uchimbaji wake karibu na Kwale, akieleza vyungu vya wakulima waliojua kufua chuma mnamo karne ya tatu baada ya Kristo. Tangu hapo vigae vya namna hiyo huitwa vya Kwale, hata vikipatikana Tanzania. Maelezo yenyewe yamo katika jarida la kitaalamu la Kiingereza, mbali na mwanafunzi wa Kombani. Na hilo si jambo dogo, kwa sababu mahali pa kale huchimbwa mara moja tu. Udongo ukishageuzwa, na mwanaakiolojia kwa mwiko au na mjenzi kwa tingatinga, kinachobaki ni vitu vilivyookotwa na kumbukumbu: michoro, picha, vipimo, daftari za uwandani. Bila kumbukumbu hizo kigae hakisemi kilitoka wapi wala kililala na nini. Ndiyo maana nasema kumbukumbu ni sehemu ya urithi wenyewe, na zinastahili ulinzi uleule tunaoupa msikiti wa Kongo kule Diani.

Wapo wanaohofia kwamba kumbukumbu hizo zikiwekwa katika ramani za kidijitali, zitawaongoza wezi. Hofu hiyo ina msingi, lakini wezi walikuja zamani bila ramani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango, yaani nguzo za mbao za ukumbusho, vya nduguze marehemu. Vigango vikaibwa, vikaja kuonekana katika makumbusho mawili ya Marekani, na picha ile ndiyo iliyothibitisha asili yake. Mwaka 2007 familia ikavipokea tena. Kisichokuwa na picha, nani angekidai? Kwa makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, kama Kinondo, iliyomo katika orodha ya UNESCO tangu 2008, wazee ndio waamue kipi kifunguliwe na kipi kifichwe; mfumo mzuri huruhusu hayo yote mawili.

Wengine watasema fedha ziende kwanza kwenye maji na zahanati. Ni kweli, maji yatangulie. Lakini kunakili daftari na picha kuukuu hakuli bajeti ya kisima, na mradi wa MAEASaM, ambao Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanashiriki, tayari unatambua maeneo ya kale yaliyo hatarini kwa picha za setilaiti. Nakala moja tu haitoshi: moto wa mwaka 2018 katika Makumbusho ya Taifa ya Brazili uliteketeza vitu pamoja na kumbukumbu zake. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la makumbusho. Basi Bunge la Kaunti ya Kwale liweke sharti: hakuna idhini ya ujenzi mkubwa kabla eneo halijakaguliwa na kurekodiwa, na nakala ya kila rekodi ibaki Kwale, ielezwe kwa Kiswahili, ifike shuleni.