Mtoto asiyesikia anahitaji mtu wa kuongea naye nyumbani

Waliotazama tamthilia ya The Last of Us, iliyoanza kuonyeshwa na HBO mwaka 2023, wanakumbuka zaidi watu walioambukizwa kuvu na kugeuka viumbe wa kutisha. Leo nataka tumwangalie Sam, mtoto wa miaka minane asiyesikia.

Sam aliigizwa na Keivonn Woodard, mtoto wa Marekani ambaye ni kiziwi kweli. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 10, aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy kama mwigizaji mgeni.

Sam na kaka yake Henry wamejificha Kansas City, wanawindwa. Chakula ni kidogo, dunia imeharibika. Lakini Henry huzungumza naye kwa lugha ya alama: humweleza hatari, humtuliza. Sam akiogopa, kaka humpaka rangi usoni aonekane shujaa. Kwa Ellie, binti asiyejua alama, Sam huandika kwenye kibao. Mtoto huyu hana usalama, ila ana mtu wa kuongea naye.

Mzazi, wapo watoto wenye chakula na kitanda kizuri ambao hilo hawana. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Nyumbani huonyeshwa tu njoo, kula, lala. Wengine wakicheka, yeye hajui wanacheka nini.

Ubongo hupokea lugha kwa urahisi zaidi miaka ya mwanzo. Mtoto akiikosa wakati huo, kusoma humwia vigumu, na hata kueleza wapi panauma au nani amemdhuru. Kujifunza alama hakumzuii kutumia kifaa cha kusikia wala kujifunza kuongea.

Ufanye nini? Mtoto asiyeshtuka kwa kelele kubwa, au aliyefikisha mwaka na hageuki akiitwa jina, mpeleke hospitali apimwe masikio. Usimwite mkaidi, wala usisubiri afike umri wa shule.

Ikithibitika hasikii, ulizia mafunzo ya lugha ya alama katika shule au chama cha viziwi kilicho karibu. Nenda na baba, bibi na ndugu zake, mzigo usibaki kwa mama peke yake. Anzeni na maneno ya kila siku: maji, uji, choo, naumwa, nakupenda. Kisha muulize siku yake ilikuwaje, na umsubiri ajibu.