Unabana Pumzi Halafu Unajiita Baunsa?

Hapa kwetu Tunduma baridi inauma, na masela wamehamia kwenye vyuma. Kila mtaa una jimu ya uani: ekseli kuukuu ya gari, makopo mawili yaliyojazwa saruji, kipande cha kioo ukutani, basi. Jioni moja ukipita Sogea utasikia watu wanavyokoroma, utadhani lori linapanda mlima na mzigo!

Sasa kioo kinakuonyesha kifua tu. Mishipa ya damu hakikuonyeshi.

Ukinyanyua chuma kizito huku umebana pumzi, misuli inaikandamiza mishipa iliyomo ndani yake na presha inapaa. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapima wajenga mwili watano wakiwa kazini kabisa. Waliposukuma mzigo kwa miguu miwili, presha ilifika wastani wa 320 kwa 250. Mmoja wao akapita 480 kwa 350! Na wewe unajua ya kawaida ni kama 120 kwa 80. Ukitua chuma inashuka haraka, lakini mwenye presha tayari hapo anacheza na moto.

Kuna na jingine. Ndani ya mshipa kuna utando laini unaotoa gesi ya naitriki oksidi, ndiyo inayoulegeza mshipa upanuke. (Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa habari hiyo hiyo, msidhani natunga.) Baada ya vyuma vizito mishipa mikubwa inaweza kukakamaa kwa muda, kama saa moja hivi, kisha inarudi. Anayeumia zaidi ni yule asiye na mazoea, utando wake unazembea kazi. Kwa hiyo mgeni anayeingia jimu siku ya kwanza akadai chuma cha baunsa kwa sababu mademu wanapita, mimi huyo namhurumia.

Niliwahi kumuuliza kuli mmoja, mtu mzima, siri yake ya kushusha mifuko ya saruji ya kilo 50 tangu asubuhi. Akacheka. "Mdogo wangu, mzigo unapanda na pumzi inatoka. Ukiibana utaona nyota mchana." Hajafika Kanada huyo.

Kujinyoosha je? Masela wengi wanasema hayo ni mambo ya akina dada. Shauri yenu! Ukinyoosha mguu ukatulia hapo, mshipa unavutika na damu inapungua. Ukiachia, damu inarudi kwa kasi, inausugua ule utando, nao unamwaga gesi. Mshipa unalainika, ingawa ndani ya saa moja unakuwa umerudi kama zamani. Ila ukishikilia, mambo ni bomba: mwaka 2020 watafiti wa Milan, Italia, walitoa majibu ya watu 39. Walionyooshwa miguu siku tano kwa wiki, wiki 12, mishipa yao ilipanuka vizuri zaidi, mpaka ya mkono ambao haukuguswa!

Basi fanyeni hivi: chuma unachoweza kukinyanyua mara 10 au 15 bila kukunja sura, pumzi nje kinapopanda, ndani kinaposhuka. Mwisho nyoosha kila mguu nusu dakika, bila kurukaruka.

Nina mshikaji wangu wa miaka 24, baba yake alipigwa na kiharusi, na kwa kubana pumzi mtaa mzima hakuna wa kumfikia. Wiki iliyopita nilimvuta mpaka zahanati. Presha ikasoma 150 kwa 95. Nesi kamwambia arudi mara mbili zaidi ili wapate uhakika, na vyuma vizito aviache kwanza. Yeye ananiambia eti ni baridi ya Tunduma. Jumatatu saa mbili asubuhi nampitia, apende asipende.