NGURUWE WA MALUKHU NA ELIMU YA MUGUGA

Katika mtaa wa Malukhu mjini Mbale, kama ilivyo katika vitongoji vya Jinja na vijiji vya kando ya barabara ya Tirinyi, nguruwe ni akiba ya mtu asiye na akiba. Wawili au watatu nyuma ya nyumba ndio ada ya shule, ndio dawa ya mtoto, ndio mabati ya paa. Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu nguruwe wapatao milioni 3.2 nchini Uganda, wengi wao wakiwa mikononi mwa wafugaji wadogo wa namna hiyo. Homa ya nguruwe ya Afrika ikiingia bandani, akiba hiyo huweza kutoweka kwa muda wa wiki moja.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Mwaka 1921 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alichapisha maelezo yake ya kwanza ya kitaalamu, kutokana na milipuko aliyoichunguza Kenya, ambako nguruwe walioambukizwa walikufa karibu wote. Tangu siku zile ilijulikana kwamba nguruwe aliyefungiwa ndani ya ua madhubuti, mbali na ngiri, husalimika.

Aliyetufumbulia siri ya ngiri ni Walter Plowright. Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka 1923, alifuzu udaktari wa mifugo mwaka 1944 na kuanza kazi katika kikosi cha mifugo cha jeshi la nchi yake. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, hadi mwaka 1971, ilikuwa Muguga nchini Kenya, katika taasisi ya utafiti wa mifugo iliyozihudumia Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Wengi humkumbuka kwa chanjo ya sotoka, na ni haki yake: kwa chanjo hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kuwa sotoka imetokomezwa. Yeye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Kazi yake juu ya nguruwe hutajwa kwa nadra. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitangaza kuwa wamevipata virusi vya homa hii ndani ya papasi waliokusanywa katika mashimo ya wanyama nchini Tanzania. Baadaye ilidhihirika kuwa papasi huambukizana wao kwa wao wanapopandana, na kwamba jike huweza kuvirithisha virusi kwa mayai yake. Ngiri mchanga huumwa na papasi shimoni, akaambukizwa, akakua bila kuugua. Mdudu yule yule ambaye wazee wetu walimwogopa kwa homa ya papasi ndiye ghala la homa ya nguruwe porini.

Lakini utafiti huo, pamoja na ubora wake wote, haukuzaa chanjo kama ule wa sotoka. Vietnam iliruhusu chanjo kutumika kibiashara mwaka 2023, ila hiyo ililenga virusi vya jamii iliyozuka Georgia mwaka 2007, na vilivyopatikana Uganda kwa sehemu kubwa ni vya jamii nyingine. Kwa hiyo kinga iliyopo mkononi mwa mfugaji wa Malukhu ni ile ile ya zamani: ua.

Nao ua wa leo haumzuii ngiri, kwani Malukhu hakuna ngiri wa kuzuiwa. Anayeuleta ugonjwa mjini ni binadamu. Ni mchuuzi anayeingia banda hili kisha lile kwa buti zile zile. Ni dume la kuazimana kijiji kizima. Ni makombo ya mkahawa yaliyochanganyika na mabaki ya nyama mbichi. Makombo yachemshwe barabara, buti zibaki mlangoni au zioshwe kwa dawa, na mgeni asiye na shughuli asivuke kizingiti. Lindo lisilomsimamisha rafiki si lindo.

Hayo yote yamekwisha kuhubiriwa, na sisi hatuamini kuwa mfugaji hayajui. Tatizo liko kwingine. Nguruwe wake wa kwanza akikataa chakula na masikio yakaanza kuwa mekundu, mfugaji hupiga hesabu. Akimwita daktari wa mifugo, karantini itawekwa na atapoteza wote bila fidia. Akinyamaza na kumwita mchinjaji usiku huo, atapata walau nusu ya bei. Nyama hiyo haimdhuru mlaji, maana homa hii haimpati binadamu, lakini damu, matumbo na mifupa yake huusafirisha ugonjwa hadi mtaa wa pili. Ni vigumu kumlaumu mtu anayeokoa ada ya shule.

Ndiyo maana twaona kuwa vitisho vya faini peke yake havitafaa kitu. Anayetoa taarifa siku ya kwanza apewe kifuta jasho, hata kiwe cha nguruwe mmoja tu wa kuanzia upya. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mtaa mzima uliofagiwa. Tungependa majiji ya Mbale na Jinja, pamoja na wilaya zilizo kati yake, ziliweke jambo hili katika makadirio yao na kulipatia fungu kabla ya Krismasi, wakati bei ya nguruwe inapopanda na pikipiki zilizowabeba zinapozidi barabarani.