Mita Yenye Masikio: Kwa Nini Simu ya Intaneti Isitozwe kwa Dakika

Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Hivi karibuni nilihudhuria mjadala kuhusu mapato ya serikali, na mchangiaji mmoja, mtu msomi na mwenye nia njema, akaleta pendekezo lililopokelewa kwa makofi. Alieleza kwamba Watanzania wengi wamehama kutoka simu za kawaida kwenda simu za WhatsApp na programu nyingine za namna hiyo, kwamba kampuni za simu zinapoteza na Hazina inapoteza, na kwamba dawa yake ni kusimika mfumo wa ankara utakaohesabu dakika za simu za intaneti na kuzitoza kama dakika nyingine. Kwa maelezo yake, teknolojia ipo, kinachokosekana ni uamuzi.

Sikupiga makofi. Naandika makala haya kueleza sababu.

Hoja yangu ni moja. Mfumo wa kutoza simu ya intaneti kwa dakika hauwezi kubaki kuwa mfumo wa ankara tu. Ili uihesabu simu, ni lazima kwanza uitambue kuwa ni simu. Ili uitambue, ni lazima uchungulie mawasiliano ya kila mtu, anayepiga na asiyepiga. Mita ya aina hiyo ina masikio, na taifa likishajenga masikio hayo kwa ajili ya kodi, halitakuwa na namna ya kuyazuia yasisikilize mambo mengine.

Tuanze na dakika yenyewe, maana wengi wanaichukulia kana kwamba ni sheria ya maumbile. Katika mtandao wa zamani, mtu wa Mwanza alipompigia mtu wa Mtwara, mtandao ulimtengea njia yake peke yake, kwa kawaida yenye uwezo wa kilobiti 64 kwa sekunde. Njia hiyo ilikuwa yake azungumze au anyamaze, na hakuna mwingine aliyeweza kuitumia mpaka akate simu. Dakika ilikuwa kipimo cha haki, kwa sababu mpigaji alikuwa ameshika kitu ambacho wengine walikikosa.

Kwenye intaneti hakuna njia inayotengwa hivyo. Sauti hukatwakatwa vipande vidogo, kwa kawaida 50 katika kila sekunde, na vipande hivyo husafiri vikiwa vimechanganyika na picha za harusi, nyimbo za kwaya na maandiko ya wanafunzi wangu. Dakika nzima ya mazungumzo ya sauti mara nyingi haifikishi megabaiti moja. Hata kampuni za simu zenyewe zinajua kuwa dakika imepoteza thamani. Ada ambayo kampuni moja humlipa mwenzake kwa kupokea simu ya mteja wake, kwa viwango vilivyowekwa na TCRA, ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018. Kufikia mwaka 2022 ilikuwa shilingi 2.00. Leo tunaambiwa tukaifufue dakika hiyo kwenye mtandao ambao haukuijua tangu kuzaliwa.

Msomaji na atazame LUKU iliyoko ukutani kwake. Anaponunua umeme, LUKU huhesabu yuniti zilizotumika. Haiulizi kama zimepiga pasi, zimewasha redio au zimepoza maji ya kunywa. Tungeonaje kama fundi angekuja kufunga mita ya pili, ya kutambua ni saa ngapi tunasikiliza redio ili tulipie redio peke yake, ilhali umeme wake tulishaulipia? Tungemwuliza mambo mawili: kwa nini tulipe mara mbili, na kwa nini ajue tunachokifanya ndani mwetu?

Maswali hayo mawili ndiyo ya simu ya intaneti. Kuhusu malipo, anayepiga simu kwa WhatsApp hapigi bure. Amenunua bando, na katika huduma za mawasiliano ya kielektroniki nchini mwetu kuna ushuru wa bidhaa na Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kampuni imeshapata chake, Hazina imeshapata chake. Megabaiti iliyobeba sauti ya mama haina gharama kubwa zaidi kwa mnara kuliko megabaiti iliyobeba video ya kuchekesha, na ukweli ni kwamba video hula bando mara nyingi zaidi.

Kuhusu faragha, watetezi wa pendekezo hili wana jibu. Husema kwamba tangu mwaka 2016 mawasiliano ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji fiche kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwa hiyo mita haitasikia neno lolote. Ni kweli, haitasikia maneno. Lakini itajua nani alipiga, saa ngapi, kwa muda gani, akiwa karibu na mnara upi, na mara nyingine itajua hata anwani ya mtandao ya aliyekuwa upande wa pili. Mwandishi wa habari aliyezungumza dakika 40 usiku na mtumishi wa wizara siku moja kabla ya kuchapisha habari ya ufisadi hahitaji kusikilizwa maneno yake ili aingie matatani. Rekodi ya muda inatosha. Mgonjwa anayempigia daktari yuleyule kila Jumatatu ameshaisema siri yake bila kufungua kinywa.

Tena mita hiyo itakosea. Kwa kuwa haiwezi kufungua bahasha, italazimika kubahatisha kwa kutazama ukubwa na mdundo wa vipande vinavyopita. Mhadhara wa moja kwa moja au mchezo wa kompyuta unaweza kufanana na simu. Mwananchi atakapokatwa kwa simu ambayo hakuipiga atalalamika wapi, na atathibitisha vipi kwamba hakuzungumza?

Na watu watakimbia. Watatumia VPN, nasi tutalazimika kupambana na VPN. Tayari Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili. Ndivyo mifumo ya namna hii inavyokua: kila tundu linalozibwa huonyesha jingine, na kila kiraka hudai mamlaka zaidi. Tutaanza kwa kutafuta shilingi na kumaliza kwa kumtafuta mtu.

Wanaodhani haya ni maono ya mwalimu aliyejifungia maktabani watazame majirani. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa kila atakayetumia WhatsApp, Facebook, Skype na programu nyingine za kundi hilo. Kabla ya hapo Rais Museveni alikuwa ameiandikia wizara ya fedha akilalamikia umbea wa mitandaoni. Hapo ndipo kodi na udhibiti vilipojikuta vimelala kitanda kimoja. Wananchi wengi walikimbilia VPN. Mwaka wa kwanza mamlaka ya mapato ilitarajia shilingi bilioni 284, ikakusanya takriban bilioni 49.5. Mwaka 2021 kodi hiyo ilifutwa, pakawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye bando lenyewe.

Agosti 2018 baraza la mawaziri la Zambia liliidhinisha tozo ya ngwee 30 kwa siku kwa simu za intaneti. Mwaka huohuo Benin iliweka faranga 5 kwa kila megabaiti ya mitandao ya kijamii, kisha ikaifuta Septemba, siku chache tu baada ya kuanza kutozwa. Tarehe 17 Oktoba 2019 serikali ya Lebanon ilitangaza tozo ya senti 20 za dola kwa siku kwa simu za WhatsApp. Iliiondoa saa chache baadaye, lakini watu walikwishajaa barabarani wakiwa na manung'uniko mengine ya miaka mingi, na kabla ya mwezi kwisha Waziri Mkuu Saad Hariri alijiuzulu. Sisemi kwamba senti 20 ndizo zilizomwangusha. Nasema kwamba mtu aliyevumilia mengi hukasirika anapoguswa kwenye sauti ya nduguye.

Nasi tuna kumbukumbu zetu. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu, ikaondolewa baada ya kelele za wananchi. Mwaka 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, nayo ikapunguzwa baada ya miezi michache. Kila mara tunajifunza somo lilelile, na kila mara tunalisahau.

Nani hasa ataumizwa? Waheshimiwa na wahadhiri wataongeza salio na kuendelea. Ataumizwa mama wa Tandahimba au Micheweni ambaye binti yake anafanya kazi za ndani Ughaibuni. Kwa binti aliyefungiwa katika nyumba ya watu asiowajua, simu ya picha ya dakika tano ni zaidi ya maongezi: ndiyo njia ambayo mama huona kama uso umevimba. Katika Falme za Kiarabu, ambako simu za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi, kampuni za huko zilianza mwaka 2018 kuuza vifurushi vya simu za intaneti kwa programu zilizoruhusiwa, dirham 50 kwa mwezi. Huo ndio mfumo wa ankara ambao tunashauriwa kuuiga, na wanaoubeba mabegani ni wafanyakazi wa kigeni, wakiwamo wa kwetu.

Ataumizwa pia kiziwi. Wengi wetu hatukumbuki kwamba kwa mtu anayezungumza kwa lugha ya alama, simu ya picha ndiyo simu. Hana nyingine. Kuitoza kwa dakika kama anasa ni kumtoza kodi kwa sababu ya masikio yake.

Nisieleweke vibaya. Mshahara wangu unalipwa kwa kodi, na sina haya kusema kwamba nchi yetu inahitaji kodi zaidi, si pungufu. Wala sipingi kila ankara ya simu ya intaneti. Ipo biashara halali ya kampuni zinazouza huduma ya simu kwa njia ya intaneti, zenye namba za kupigiwa na zenye kuunganisha wateja wake na mitandao ya kawaida: simu za ofisi, hoteli, benki na vituo vya huduma kwa wateja. Hizo ziwe na leseni na mfumo wa ankara ulio wazi: kutoza kwa sekunde, kutoa stakabadhi, kumpa mteja orodha ya simu zake, kumpa njia ya kupinga makosa, na kufuta rekodi muda wake unapokwisha kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Vivyo hivyo wapo wahalifu wanaoingiza simu za kimataifa na kuzifanya zionekane za ndani ili wakwepe ada. Hao wasakwe bila huruma. Lakini kati ya kumsaka mwizi wa simu na kumwekea mita kila anayezungumza na mamaye pana tofauti kubwa, na mtu mzima hahitaji kuelezwa.

Hoja yenye uzito kuliko zote ni kwamba kampuni kubwa za nje zinavuna kwetu bila kujenga mnara hata mmoja. Naikubali. Ila dawa yake ni kumtoza mvunaji, si shamba. Tangu mwaka 2022 tunayo kodi ya asilimia 2 kwa huduma za kidijitali za kampuni zisizo na makazi nchini. Kama haitoshi, Bunge lijadili kuiongeza. Kampuni hizi hupata fedha zake kwa kuuza matangazo, na matangazo yanaweza kuhesabiwa bila kumchungulia mtu yeyote. Mwananchi akitozwa kwa dakika, kampuni ya California haitapungukiwa hata senti.

Mwisho, tuikumbuke Katiba. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Ibara ya 138 inasema kodi haitozwi ila kwa sheria. Basi anayetaka mfumo huu asiuingize kwa kanuni ya wizara wala kwa zabuni ya mitambo. Aulete bungeni mchana kweupe, akiwa na majibu ya maswali manne: mfumo utaitambuaje simu, rekodi zitakaa wapi, nani ataruhusiwa kuzitazama, na atakayezitazama bila ruhusa atafungwa miaka mingapi?

Baada ya mjadala ule mtoa hoja alinifuata, akaniuliza kwa upole kama mimi ni mpinzani wa mapato. Nilimjibu kwamba nisipopinga mapema, siku tutakayotaka kubishana naye juu ya jambo hili kwa simu, mfumo wake utakuwa umeshaandika kwamba tulizungumza.