Klachi Ngumu Haipandishi Viazi
Safu ya Njia Panda, na Safari Habimana

Msimu wa viazi ukianza, mabishano ya klachi hurudi Kanzenze. Mwenye pikapu analalamika kwamba klachi za siku hizi hazimalizi mwaka. Fundi anamwambia: "Patroni, ipo nyingine, ya mashindano." Hiyo ina vidonge vya shaba badala ya ngozi ya kawaida, springi zake zinabana maradufu, na aliyeifunga upande wa Goma, eti, hajarudi gereji tangu hapo. Baada ya muda unaiona Hilux uani kwa mtu, propela iko pembeni, giaboksi imelazwa juu ya gunia, na vijana wamejaa chini ya gari.

Kazi hiyo kufanyika nyumbani hainisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni klachi yenyewe.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kwenda Musanze inaondoka Gisenyi, inapita Mahoko, inapanda Kanzenze na haipumziki mpaka Bigogwe, ambako umeshavuka mita 2,200. Huko juu hewa imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Injini ya dizeli isiyo na turbo, mfano ile ya 3L ya lita 2.8 iliyo kwenye Hilux nyingi za zamani, inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo nguvu inayotajwa kwenye kitabu chake hapa haipo yote. Mpakie mzigo kupita kiasi, msimamishe dereva katikati ya mlima, halafu umtazame anavyoondoka: anakanyaga mafuta hadi injini inalia, anaachia klachi nusu, anaing'ang'ania hapohapo mpaka gari lianze kujikokota. Ile harufu inayobaki barabarani kila mtu wa Kanzenze anaijua.

Sasa afunge klachi ngumu. Nguvu ya injini haijaongezeka, viazi havijapungua uzito, na gia ya kwanza ni ileile. Kilichobadilika ni mahali pa kuvunjikia tu. Klachi ya kawaida ni kama fyuzi: inaungua yenyewe ili vitu vya bei mbaya vilivyo nyuma yake visalimike. Ile ya vidonge vya shaba haipendi kuteleza. Inashika kwa kishindo, na kishindo hicho kinateremka kwenye meno ya giaboksi, kwenye krosi za propela, kwenye difu, mpaka ekseli. Springi zake ngumu nazo zina deni lao upande wa injini, maana kila ukikanyaga pedali unaisukuma kranki mbele, na vibati vinavyoizuia vinalika. Goti la kushoto la dereva nalo tusilisahau, hasa akiwa kwenye foleni ya mpakani.

Mtu aliyeongeza turbo, au aliyefunga injini kubwa kuliko ya kiwandani, huyo ana haki ya kutafuta klachi yenye nguvu zaidi. Wengine wote wanalipia dawa ya ugonjwa wasioumwa. Klachi ikifa kabla ya wakati, iulizwe imekufa kwa nini. Sili ya nyuma ya kranki inavuja? Oili ikigusa sahani, hata klachi ya lori itateleza. Slevu silinda inarudi yote pedali ikiachiwa, au inabaki imesukuma kidogo? Dereva anaendesha huku mguu umepumzika juu ya pedali? Flaiwili ina madoa ya buluu na nyufa nyembamba kama nywele? Kama inazo, sahani mpya iliyobanwa juu yake imeanza kufa siku hiyohiyo, na kuokoa pesa ya kuichonga kwenye mashine ni kujidanganya. Nyufa zikiwa za kina haichongwi, inatupwa.

Anayetaka gari lipande vizuri ashughulikie gia. Wenye Land Cruiser za miaka ya 1980 walilielewa hili mapema. FJ60 ilitoka na giaboksi ya gia nne, H42, ambayo gia yake ya kwanza ni 3.55. Toyota ilipoleta H55F ya gia tano, ya kwanza ikawa 4.84. Maana yake ni kwamba, kwa injini ileile, nguvu inayofika magurudumuni wakati wa kuondoka inazidi ya awali kwa zaidi ya theluthi, na juu yake umepata gia ya tano ya kutulizia injini kwenye tambarare. Ndiyo sababu hadi leo watu wanaitafuta H55F iliyotumika, kutoka Gatsata ya Kigali hadi Kirinyaga Road ya Nairobi. Kuifunga si kuchomoa na kuchomeka tu: propela zinapimwa upya, na tundu la leva sakafuni linahitaji mkono wa mtu anayejua kukata bati. Lakini hayo ni maboresho kweli, na klachi inayokaa mbele yake inaweza kuwa ya kawaida kabisa na ikadumu.

Kwa Hilux njia ni fupi zaidi. Difu zake zilitoka kiwandani kwa uwiano tofauti, ukitoka 4.1 kwenda 4.875 umejipatia karibu asilimia 19 ya msukumo, ilimradi ubadilishe ya mbele na ya nyuma pamoja ikiwa ni fo-bai-fo, la sivyo zitapigana. Kasi ya juu itapungua. Sijui nani anaihitaji kasi hiyo kati ya Mahoko na Bigogwe akiwa na viazi nyuma.

Halafu ipo leva ya pili, ile ndogo ya transfa, ambayo madereva wengi huigusa tu gari likinasa matopeni. Kwenye gari lenye habu za mbele za kufungwa kwa mkono, acha habu wazi, simama, weka gia ya chini. Magurudumu ya mbele hayasukumwi, kwa hiyo hata kwenye lami hakuna kinachobanwa, na nguvu ya kuondokea inakuwa zaidi ya maradufu. Ondoka taratibu bila nusu klachi, bila moshi. Ukifika penye nafuu, simama urudishe leva mahali pake. Haigharimu faranga hata moja, na labda ndiyo maana hakuna anayeitangaza.

Sasa turudi uani, maana kazi ikishaamuliwa ifanywe kwa akili. Hapa kwetu mawe ya volkano ndiyo yaliyo karibu, na ndiyo yanayowekwa chini ya chesisi. Jiwe lile limejaa matundu kama mkate. Hubeba, hubeba, halafu hupasuka bila kuonya, na aliye chini hapati nafasi ya kutambaa. Weka magogo ya mikaratusi yaliyokatwa bapa, yapangwe kwa kupishana, chini yake ubao mpana ili yasizame ardhi ikilowa. Magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vizuizi, kwa sababu ukishaondoa propela gari halishikwi tena na gia. Giaboksi ya fo-bai-fo ikiwa na transfa yake haipokelewi kifuani, hata kijana awe na misuli ya namna gani.

Vumbi lililo ndani ya haizingi lisipulizwe kwa kompresa. Ngozi za klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, kitu kilekile ambacho serikali imekuwa ikihimiza kiondolewe kwenye mapaa, na madhara yake kwenye mapafu hujitokeza baada ya miaka mingi. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kisha ukitupe.

Kuweka sahani katikati hakuhitaji kifaa cha dukani. Mafundi wazuri huchonga kijiti, wanakizungushia utepe mpaka kiingie sawasawa kwenye beringi ndogo ya flaiwili na kwenye meno ya sahani, ndipo wanakaza boliti za presha pleti kidogokidogo, kwa kupishana. Wasiofanya hivyo utawakuta wanahangaika na giaboksi isiyoingia, na hatimaye wanaivuta kwa boliti mpaka kitu kipinde. Beringi ya kuachilia ibadilishwe hata kama bado inazunguka vizuri, kwa sababu hakuna atakayefurahi kushusha mzigo ule tena kwa ajili ya beringi. Na oili ya giaboksi iwe ya GL-4 kama kitabu kinasema hivyo. Baadhi ya GL-5 zina kemikali za salfa zinazokula pete za shaba za gia, na mteja anarudi akisema gia ya pili inakwaruza.

Kuna wanaoniambia haya yote yamepitwa na wakati. Tangu mwaka 2024 Rwanda imeruhusu mtihani wa leseni kwa gari la otomatiki, na vijana wa Kigali wanaweza kuishi maisha yao yote bila kugusa pedali ya tatu. Waishi salama. Viazi vya Kanzenze na maziwa ya Gishwati bado vinashuka kwa pikapu na Fuso za gia za mkono, zitakazokuwepo miaka mingi ijayo, zikitengenezwa na vijana hawahawa, chini ya magari haya haya.

Ndiyo maana ombi langu ni kwa vyama vya ushirika vya viazi, wala si kwa serikali. Magari yanayobeba mazao yenu ndiyo yanayolala uani katikati ya mavuno. Nunueni jeki moja ya giaboksi na stendi nne imara za chuma, ziwekwe kwenye kituo cha kukusanyia viazi, mwanachama aazime kwa kuandika jina na kuacha kitambulisho. Na mkiwa hapohapo mizanini, mnaopima magunia ya mkulima kwa makini sana, pimeni pia yaliyopakiwa kwenye gari kabla halijaanza kupanda.