Sugu Hutokana na Mzigo

Mgonjwa anayekataa ushauri mara ya tatu hupachikwa jina: huyu ni sugu. Likishatamkwa, maswali hukoma. Hukumu hiyo yastahili kuchunguzwa, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa na maana kabla halijawa lawama.

Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa. Tabora inaijua vyema. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Unyanyembe, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kilo 30 hivi, mwezi baada ya mwezi. Bega lililobeba liliota sugu. Ngozi ilikuwa ikijilinda, na aliyetaka kuelewa bega hilo alipaswa kwanza kuutazama mzigo.

Wataalamu wa tiba walilitumia neno mahali pake: kifua kikuu sugu ni kile ambacho bakteria wake hawafi kwa dawa za kawaida. Kilicho sugu ni kimelea. Kwa bahati mbaya sifa hiyo imemhamia anayeugua.

Matibabu ya ugonjwa huo yalipoanza nchini mwaka 2009, yalitolewa katika Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro. Mkulima wa tumbaku wa Urambo aliyesita kwenda alikuwa akipima mambo mazito: umbali, shamba lisilo na mwangalizi, na sindano za miezi mingi zilizoweza kumharibia masikio. Hofu yake haikuwa ujinga. Baadaye huduma ilisogezwa mikoani, na dawa za kumeza zikachukua nafasi ya sindano. Aliyebadilika hapo ni tiba.

Wakaidi wapo, bila shaka: mtu aliyeelezwa, akaelewa, akapewa njia, na bado anakohoa chumbani walimolala wanawe. Huyo aitwe mkaidi, na familia yake ilindwe. Ila ni wachache kuliko minong'ono ya korido inavyodai, na hawatambuliki kwa kukosa tarehe moja ya kliniki. Mrina asali wa Sikonge huweza kukaa msituni majuma kadhaa, na kadi yake haina nafasi ya kuandika hilo. Mhudumu angeweza kuliandika pembeni kwa kalamu: analala wapi mwezi huu, na nani atampelekea dawa.