Kabla Hujalaumu Betri

Leo nina neno na wale ambao kifaa kikigoma kidogo tu, mbio dukani.

Januari niliweka kituo kidogo cha hali ya hewa kwa mama, Kinangop, kwa sababu ya viazi. Huko usiku wa Januari barafu huweza kuunguza majani yote. Kifaa kilifanya kazi mchana. Usiku, tunapokihitaji, skrini ikaonyesha vistari tu! Nikasema ni baridi, imedhoofisha betri. Nikaweka mpya. Wapi!

Kihisi chetu hutuma habari kwa mawimbi ya megahezi 433. Nikachomeka kwenye laptopu kidude cha USB cha kupokea redio, nikafungua programu ya bure ya rtl_433. Nje, karibu na kihisi, ujumbe ulifika vizuri hata kwenye baridi ile. Basi betri haina makosa. Ndani, kando ya skrini, kimya. Mama akazima taa ya LED ya ulinzi iliyo juu ya dirisha, ujumbe ukarudi. Akaiwasha, ukapotea. Kumbe ni kelele za saketi ya taa ya bei rahisi!

Tumehamishia skrini chumba kingine, na usiku sasa tunasoma joto.

Kihisi kama hiki hutuma tu, hakijui kama kimesikika. Joto la usiku uliopotea halirudi. Kwa hiyo, ndugu zangu, badilisheni kitu kimoja kimoja na kupima, kisha ndipo mtoe pesa.